Fundo Moja ni Nyekundu

12 Machi

Kwa Mfunza Mbwa,

Barua hii ni ya kikazi, kwa hiyo salamu tuwaachie wenye nafasi.

Tarehe mosi mwezi huu binti yangu, yule muuguzi, aliniletea mbwa dukani. Alisema amemtoa "kwa mtu fulani". Nilipofungua karatasi ya maelekezo nikakuta mwandiko ambao ningeutambua hata nikiwa na homa: herufi zimeinama zote upande mmoja kama zinaomba lifti. Huyo mtu fulani ni wewe.

Mimi sikuagiza mbwa. Binti anasema tangu mama yake atutoke, mwaka wa tatu sasa, duka na vyumba vya nyuma vimekuwa vikubwa mno kwa mtu mmoja. Nikamwambia siko peke yangu, nina makopo mia nane ya rangi. Hakucheka.

Karatasi yako inasema mbwa mwenye kasoro anarudishwa ndani ya siku arobaini. Leo ni siku ya kumi na mbili. Kasoro nimeiona, na nimeipima, maana mimi si mtu wa kusema kwa makisio.

Mbwa mwenyewe unamwita Karani. Jina nimelikubali, kwa sababu anakaa mlangoni na kumtazama kila mteja anayeingia kana kwamba anaandika mahudhurio. Lakini nimemrushia mpira wake mwekundu mara arobaini kwenye majani nyuma ya duka, ameuleta mara tisa. Hiyo ni asilimia ishirini na mbili na nusu. Nikamrushia mara arobaini nyingine kwenye sakafu ya saruji, akauleta mara thelathini na nane. Kwa hiyo miguu anayo, hamu anayo, meno anayo. Kinachokosekana ni akili, na akili ndiyo kazi yako.

Kwenye majani anaupita mpira kama anapita jiwe. Anazunguka, ananusa, kisha ananitazama kama mimi ndiye niliyeuficha. Mara ya mwisho ilibidi niutafute mwenyewe. Dakika ishirini na tano kwenye jua la saa sita, mpaka nikaukanyaga.

Nijibu kwa maandishi, umpe dereva wa lori la rangi, hupita kwenu mara kadhaa kwa wiki. Usipige simu. Karatasi angalau haimkatizi mtu maneno.

Mwenye Duka la Rangi


17 Machi

Kwa Mwenye Duka la Rangi na Makopo Mia Nane,

Miaka kumi na moja sijauona mwandiko wako, na barua ya kwanza inakuja na asilimia. Nilicheka mpaka mbwa wote kumi na sita wa uani wakaanza kubweka, jirani akaja kuuliza kama kuna mwizi. Nikamwambia hapana, ni kaka yangu.

Maana utaniita Mfunza Mbwa upendavyo, mimi nitakuita Kaka. Ulinibeba mgongoni kabla sijajua kutembea, na hilo halina siku arobaini za kurudisha.

Sasa kazi. Karani hana kasoro. Mwenye kasoro ni mpira, na mpira haukutoka kwangu. Binti yako aliununua njiani, kama watu wote wanavyonunua mpira mwekundu, kwa sababu macho yao wenyewe yanauona haraka.

Watu husema mbwa anaona nyeusi na nyeupe tu. Si kweli. Ndani ya jicho la mtu mna vipokea rangi vya aina tatu. Ndani ya jicho la mbwa mna aina mbili. Bluu anaiona vizuri. Njano anaiona. Lakini nyekundu na kijani kwake zinaingia kapu moja, zote zinakuwa kitu kama njano iliyochakaa, kahawia, rangi ya tope lililokauka. Mpira mwekundu juu ya majani kwa Karani ni tope juu ya tope. Kwenye saruji anauona kwa sababu saruji imepauka na mpira umekoza. Na zile mara tisa zako, Kaka, hakuuona. Aliunusa.

Najua hutaamini mpaka uhesabu mwenyewe. Nakutumia mpira wa bluu, na vitambaa viwili vya ukubwa mmoja, kimoja chekundu, kimoja cha kijani. Chukua mabakuli mawili, yapake yote mafuta ya nyama ili pua isimsaidie. Kitambaa cha kijani funika bakuli lenye nyama, chekundu funika tupu. Badilisha nafasi zao, mara ishirini. Kama anaona tofauti, baada ya kujifunza hatakosea. Kama haoni, atabahatisha tu.

Unakula vizuri? Binti aliniambia unakula mkate na chai mara tatu kwa siku. Hilo nalo lipime.

Mdogo wako


25 Machi

Kwa Dada Mdogo,

Matokeo haya hapa.

Mpira wa bluu, kwenye majani: mara arobaini, ameuleta mara arobaini. Nilirusha mpaka hatua sitini. Hata mimi niliuona ulipoangukia, kutoka huko huko nilikosimama, bila kusogea.

Vitambaa: mara ishirini, kapatia mara kumi na moja. Nilifuata maelekezo yako yote. Kitambaa chekundu, kile chenye pindo pana, nilikiweka juu ya bakuli tupu. Cha kijani, chenye pindo jembamba, juu ya nyama. Mafuta nilipaka yote mawili. Kwa hiyo nakubali, mbwa anabahatisha. Akili yake naifutia shitaka.

Nina maswali machache, kwa ajili ya kumbukumbu za duka. Nyanya mbichi na nyanya iliyoiva, anazitofautishaje? Akijikata mguu kwenye majani, atajua ile ni damu? Na mbwa huyu anajua kwamba haoni? Yaani kuna siku aligundua kuwa wengine wanaona kitu ambacho yeye hakioni, au anadhani dunia yote iko hivyo kwa kila mtu?

Hakuna haraka. Ila jibu yote matatu.

Na usidhani kwa sababu nauliza habari za mbwa basi nimesahau. Siku uliyohamia nyumba yako walikuwepo watu thelathini na wanne, niliwahesabu. Wote walikusikia. Nilikupakia rangi mlango na madirisha sita, kwa mkono wangu, zawadi ya kaka kwa dada, nawe ukasema nimekuharibia mlango kwa makusudi kwa sababu nina wivu. Mbele ya wajomba. Mimi niliyeanza na brashi moja na ngazi ya kuazima, niwe na wivu na mlango! Kesho yake nikasikia umeupaka upya. Sikukuuliza. Nami sitaki kuulizwa.

Karani anakula mkate na chai pia. Tumepima, tunaendelea vizuri.

Kaka


31 Machi

Kaka yangu,

Nyanya anainusa, anaibonyeza kwa pua. Ikiwa laini na inanukia utamu, imeiva. Damu anaijua kabla hata hajaiangalia. Usimhurumie kwa hayo mawili. Ana njia zake, na ni njia nzuri.

La tatu ndilo lililonikalisha chini. Hapana, Karani hajui kwamba haoni, maana hakuna mbwa mwenzake aliyewahi kumcheka. Wote wako hivyo. Ndiyo bahati yao. Angezaliwa peke yake katikati ya wanaoona rangi zote, nadhani angejua mapema sana, na asingemwambia mtu. Angejifunza kuhesabu. Angekuwa hodari mno wa hesabu.

Kuhusu vitambaa, kosa ni langu. Pindo pana nililishona kwenye kile cha kijani, kwa sababu kilikuwa kimeanza kufumuka. Ilinipasa kuweka alama, sikuweka. Sasa nakutumia vingine. Kwenye chekundu nimefunga fundo moja pembeni, kwenye kijani mafundo mawili. Utavijua hata ukiwa umefumba macho. Ni kwa ajili ya mbwa.

Na kwa kuwa umeligusa, na mimi niseme langu mara moja. Nilikuomba kijani. Kijani cha mlango wa mama, ule tuliokuwa tunaubisha kwa mateke tukitoka shule. Mama alikuwa na mwaka mmoja tu kaburini. Nikatoka kuwapokea wageni, narudi nakuta mlango mwekundu kama tofali. Na wiki moja kabla ya hapo ulikuwa umewaambia wajomba kwamba mwanamke anayeishi kwa kufunza mbwa hawezi kusimamisha nyumba, atasimamisha banda. Kaka, ungekuwa mimi ungefikiri nini?

Hivyo ndivyo nilivyofikiri siku ile. Leo sina uhakika.

Msibani kwa wifi ulinipa mkono kama unavyompa mkono mgeni wa mgeni. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeushika mkono huo kwa mkono mwingine, njia nzima.

Mdogo wako


4 Aprili

Kwa Mfunza Mbwa,

Mbwa hajui kuhesabu mafundo.

Nani kakuambia? Binti hajui. Wateja hawajui. Aliyejua yuko kaburini na hakuwa mtu wa kusema ovyo.

Vitambaa vyako nimevirudisha ndani ya bahasha hii. Tarehe tisa ni siku ya arobaini. Mtume dereva amchukue mbwa wako. Sababu andika unayotaka.

Mwenye Duka la Rangi


7 Aprili

Kaka,

Hakuna aliyeniambia. Nimeambiwa na pilipili na mapera.

Unakumbuka ile mipilipili ya mama nyuma ya jiko, na mpera ule wa uani? Kila siku wewe, uliyenizidi miaka saba, uliniamuru mimi nichume. "Chiriku, wewe mdomo mrefu, panda wewe." Nilichuma miaka yote. Nilikuona mvivu. Mara moja tu nilikuwa naumwa ukaenda wewe, ukarudi na pilipili mbichi kikapu kizima, mama akakuchapa kwa kuharibu mazao, nawe hukujitetea hata kwa neno moja. Nilifurahi. Nilikuwa na miaka sita.

Hayo yote nilikuwa nayo kichwani maisha yangu yote kama makopo yasiyo na vibandiko. Barua yako ya vitambaa ndiyo iliyoyafungua.

Sijamwambia mtu. Sitamwambia. Dereva atapita tarehe tisa, saa nne asubuhi, kama ulivyotaka. Kikapu cha Karani akikumbuke, hulala vibaya bila hicho.

Vitambaa viko mezani kwangu. Mafundo sijayafungua.

Chiriku


9 Aprili

Mdogo wangu Chiriku,

Dereva alikuja saa nne na dakika kumi. Nikamwambia mbwa hayupo, katoka. Karani akabweka chini ya kaunta. Dereva akasema, "Mzee, huyo anayebweka ni nani?" Nikamwambia ni kopo. Akaniangalia, akaangalia kaunta, akasema, "Basi kopo hilo lipe maji, lina kiu," akaondoka. Kwa hiyo lori limerudi tupu na mimi nimekuwa mwongo mbele ya mtu ninayefanya naye kazi miaka tisa. Siku arobaini zimekwisha. Mbwa harudishwi.

Sasa kaa chini, maana nitayaandika mara moja na sitayarudia.

Nilijua macho yangu si kama ya wenzangu nikiwa na miaka minane. Mwalimu alitupa chaki za rangi tuchore mti, nami nikachora, akainua karatasi yangu juu darasa zima likaangua kicheko. Sikujua wanacheka nini. Mpaka leo sijui rangi niliyoupaka mti ule. Nilichojifunza siku ile ni kwamba usiseme unaona nini kabla mwenzako hajasema.

Rangi sikuichagua. Kazi ya kwanza niliyoipata mjini ilikuwa kubeba ngazi ya fundi mpaka rangi, na njaa haikuuliza macho yangu yakoje. Baadaye nikagundua kwamba rangi ni hesabu. Kopo la nyeupe, matone kumi na manne ya chupa namba tatu, matone sita ya namba tisa, inatoka ile ile leo na mwakani. Wenzangu walichanganya kwa jicho, kila ukuta wao ukawa na sura yake. Mimi nilihesabu. Ndiyo maana wateja wananiita Fundi Matone, wanadhani ni madaha. Kazi yangu yote, duka lote, limesimama juu ya chupa kumi na mbili zenye namba. Mtu akija na kuanza kusema "kijani kama cha majani machanga", namwambia niletee namba. Wanasema mzee ana msimamo. Wakiujua msimamo wenyewe, duka limekufa.

Namba za kwenye vifuniko aliziandika wifi yako. Yeye alikuwa macho yangu. Asubuhi alinitolea shati na suruali, nikavaa bila kuuliza.

Siku ya nyumba yako hakuwepo, alikuwa amekwenda kumuuguza mama yake. Mvua ilinyesha siku tatu, makopo yako yalikuwa yametangulia kwako, nje kwenye mkokoteni, na namba alikuwa ameziandika kwa chaki. Nilipoyafikia yamesafishika, meupe kama sahani. Makopo mawili. Moja la mlango wako, moja la ukuta wa shule fulani. Nikayafungua yote nikayatazama kama mtu anavyowatazama mapacha wa watu wengine. Ningeweza kukuita. Ungekuja, ungesema, "Hili hapa, Kaka," kazi imekwisha. Neno moja. Lakini wiki moja tu kabla nilikuwa nimekusema mbele ya wajomba, na kukuomba msaada siku hiyo kulinishinda. Nikachagua.

Nilipaka tangu saa moja asubuhi mpaka saa saba mchana. Nilipomaliza nikarudi nyuma hatua kumi na mbili kuutazama. Sasa sikiliza, Chiriku. Nilichokiona ni mlango wa mama. Ule ule. Sikuona kitu kinachofanana nao, niliuona wenyewe, kama umebebwa kutoka kule ukaletwa. Nilisimama pale nikalia, mtu mzima na brashi mkononi. Nikasema moyoni, akiuona huu atanisamehe yale ya wajomba.

Ndipo ukaja na watu wako thelathini na wanne.

Uliponiuliza kwa nini, nikakujibu, "Nimepaka ninachokiona." Ukadhani ni jeuri. Ilikuwa kweli tupu, ya kwanza niliyowahi kumwambia mtu asiye mke wangu, na ikatoka ikiwa imevaa nguo za jeuri.

Wifi yako aliporudi nikamsimulia. Alichukua msumari, akakaa chini siku mbili, akazikwaruza namba kwenye kila kifuniko mpaka bati likang'aa. Tangu siku hiyo mvua hainitishi. Ila aliniambia, "Mficha uchi hazai. Mwandikie mdogo wako." Nimechelewa miaka kumi na moja. Naye alikufa akiisubiri barua hii.

Sasa unajua. Mlango ulishaupaka upya, kwa hiyo hakuna cha kurekebisha.

Matone


16 Aprili

Kaka yangu Matone,

Nimeisoma barua yako nimesimama, halafu nimekaa, halafu nimetoka nje nikaisomea mlangoni.

Mlango sikuupaka upya. Aliyekuletea habari aliona napaka madirisha, akamalizia mwenyewe. Mlango niliuacha, na sitakudanganya, mwanzoni niliuacha kwa kisirani. Kila mgeni aliyeuliza, "Mbona mlango umetofautiana na madirisha?" nilipata nafasi ya kumsimulia ubaya wako. Nimewasimulia wengi, Kaka. Hesabu sina, wewe ndiye mtu wa hesabu. Nisamehe kwa kila mmoja wao.

Baadaye kisirani kikaisha, mlango ukabaki. Rangi ingali imeshika. Miaka kumi na moja ya jua na mvua haijabanduka hata ukucha, isipokuwa chini, wanapokwaruza mbwa. Mtu mwenye wivu hapigi msasa mlango namna hiyo. Nilikuwa naona hilo kila siku, na kila siku nikalipita kama Karani anavyoupita mpira.

Jana jioni kabla jua halijazama niliwatoa mbwa wote kumi na sita, nikasimama hatua kumi na mbili kutoka mlangoni. Nilizihesabu kama wewe. Nikautazama kwa muda mrefu, nikijaribu. Najua wanachokiona wao ni karibu na unachokiona wewe. Mimi nikaona tofali tu. Basi nikawaonea wivu, mimi niliyekuita wewe mwenye wivu. Mbwa kumi na sita wanaupita mlango wa mama kila siku wakienda kula, na mimi niliyeulilia ndiye peke yangu nisiyeuona.

Najua unavyowaza. Utataka kuja na kopo na brashi, matone kadhaa ya namba kadhaa, unipatie kijani changu. Sitaki. Ukija na brashi nitakufungulia mbwa. Njoo mikono mitupu, na Karani. Nitaweka viti viwili pale hatua ya kumi na mbili. Wewe utautazama, mimi nitakaa karibu yako, na utaniambia unaona nini. Yote. Kitasa kilivyokuwa, pale chini tulipokuwa tunapapiga mateke, na ufa uliokuwa kama mto. Taratibu, sina haraka.

Duka halitakufa. Ninayejua ni mimi, na mimi ninafunza mbwa. Najua kukaa kimya ninapotaka, hata kama unaniita Chiriku. Ila binti mwambie mwenyewe. Akija kuzaa mtoto wa kiume akarithi macho yako, akachora mti wa ajabu, awepo mtu mmoja pale nyumbani wa kumwambia, "Mzuri. Hata babu yako huuona hivyo hivyo."

Vitambaa narudisha. Mafundo ni yale yale.

Chiriku


20 Aprili

Mdogo wangu,

Nitafunga duka siku nne. Miaka ishirini na sita sijawahi kulifunga zaidi ya mbili, na hizo mbili zilikuwa za msiba. Nimeandika kwenye mlango: "Mwenye duka amekwenda kutazama rangi." Wateja watadhani ni biashara.

Binti nimemwambia. Akasema, "Ndiyo maana siku ya mahafali yangu ulivaa soksi mbili tofauti." Nikamuuliza zilikuwa tofauti kiasi gani. Akasema sana. Tulicheka mpaka akakosa zamu yake ya mchana.

Gari linaondoka saa mbili asubuhi, kilomita mia mbili na kumi, Karani atakaa miguuni. Mpira wa bluu uko mfukoni. Brashi sijabeba, usimfungue mtu. Begini nimeweka mashati matano na suruali mbili. Tangu wifi yako aondoke nimekuwa navaa kwa kubahatisha, kumi na moja kati ya ishirini, kama Karani. Naomba unifungie mafundo ndani ya kola, uzi wowote. Moja nyekundu, mawili kijani, kama ulivyosema. Safari hii si kwa ajili ya mbwa.

Njia ya kwako nimeisahau, mtaa wenyewe nasikia umejaa nyumba mpya. Usije kunipokea stendi. Nikishuka nitamsimamisha mtu wa kwanza nitakayekutana naye, yeyote yule, nimwambie: mimi rangi hiyo siijui kwa macho, lakini dada yangu anakaa kwenye mlango mwekundu. Naomba unionyeshe.

Kaka yako,
Matone